Nilimsingizia Mama Aliyeleta Ndagala Mwezi Umejaa

Nimekosa. Nalisema mwanzoni kabisa, maana najijua: nikianza kueleza nitatafuta pa kujifichia. Nilimsingizia mama wa watu, mchana kweupe, mbele ya kila mtu. Hadi leo nikipita ufukoni naona kama watu wananinong'ona. Labda wananinong'ona, labda hapana. Sijui tena kuona tofauti!

Nina depo ndogo ya samaki pale Kalundu, kando ya ziwa. Nilikuwa nikinunua ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, nawachambua, nawafunga kwenye mifuko na kuwapeleka Bukavu. Si biashara kubwa, lakini ilitulisha mimi, mke wangu na watoto.

Siku moja mteja wangu mkubwa wa Bukavu, mwenye maduka kadhaa, aliniambia kwamba siku hizi wanunuzi wake wanauliza samaki wametoka wapi, wamevuliwa vipi, na kama kuna mtu aliyedhulumiwa njiani. Akaniuliza kama naweza kumhakikishia. Nikamwambia hilo aniachie mimi!

Nikaandika masharti na kuyabandika mlangoni. Sinunui ndagala watoto, wale wanaokokotwa kwa vyandarua vya mbu kando ya maji kabla hawajakua wakazaa. Sinunui waliokaushwa juu ya mchanga, nataka wa juu ya vichanja. Na kila mama anayekausha analipwa mkononi mwake mwenyewe, si kupitia kwa shemeji wala kwa nani. Kwenye mifuko nikaweka etikete ya kijani, kibandiko cha kusema samaki hawa ni wa haki. Nilitembea mjini kifua mbele, ungedhani ziwa nimeliumba mimi.

Masharti yalikuwa mazuri, na hata leo nayatetea. Ubaya ulikuwa kwenye neno moja ambalo sikulibandika mlangoni, kwa kuwa lilinihusu mimi. Katika kontra, yaani mkataba wetu, nilimwahidi mteja mzigo kila Alhamisi, bila kuruka hata moja.

Wewe usiye mtu wa ziwa nikueleze. Ndagala wanavuliwa kwa taa, kwenye giza, kwa sababu wanaifuata taa. Mwezi ukijaa, taa haina kazi. Mitumbwi inavutwa nchi kavu karibu wiki nzima, na wavuvi wanakaa kushona nyavu. Hilo Kalundu hata mtoto wa shule ya msingi atakueleza. Na mimi niliyezaliwa pale nikatia sahihi: kila Alhamisi!

Jambo jingine la kuungama ni kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua sukari naipima upya nyumbani. Mtu akinisalimu kwa furaha sana najiuliza anataka nini. Mke wangu alinitania siku moja: «Weye, hata kivuli chako utakiomba kadi ya uchaguzi kijitambulishe!» Nikacheka, nikidhani ananisifu.

Nilikuwa na watu wawili wa kuniletea samaki. Majina nimeyabadili. Wa kwanza nitamwita Papa Dezire. Huyo alikuwa na faili. Ukimwuliza wavu, anatoa karatasi ya wavu. Ukimwuliza vichanja, anatoa picha ya vichanja, na chini yake muhuri. Nilimpenda bure! Mtu mwenye shuku anapenda karatasi kuliko ndugu yake.

Wa pili nitamwita Mama Nsimire. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Mutarule kule bondeni, aliyeletwa ziwani na ndoa. Mumewe alikuwa mvuvi. Alipofariki, mama alibaki na vichanja vyake katika kikundi cha akina mama wa ufuko, akinunua samaki kwa wavuvi alfajiri na kuwakausha. Karatasi hakuwa nayo hata moja. Na hakuwa mtu wa maneno. Nikimwuliza maswali kumi, ananijibu moja.

Ukafika mwezi mkubwa wa kwanza tangu nianze mambo yangu ya etikete. Papa Dezire akaja mikono mitupu. «Mukubwa, mitumbwi iko inje ya maji. Hakuna samaki.» Nikamwona mtu mkweli. Angalia, nilijiambia, huyu angeweza kunidanganya na hakudanganya.

Alhamisi ile ile asubuhi, Mama Nsimire akaingia na magunia mawili yamejaa.

Nilishtuka. Ametoa wapi? Nikatumbukiza mkono hadi chini. Ndagala wakubwa, wakavu, safi, hakuna mchanga. Wala hilo halikunituliza. Nilijiambia kwamba ameweka wazuri ili nisione wabaya, na wabaya atawaleta siku nyingine nikishamzoea. Hivyo ndivyo akili yangu inavyofanya kazi, Mungu anisamehe!

«Mama, mwezi umejaa. Hii samaki inatoka wapi?»

«Mu nyumba,» akasema.

«Nyumba gani inavuliwa samaki?»

Akaniangalia. «Papa, weye unataka samaki, samaki njo hii. Minye najua kazi yangu.»

Nililichukua jibu lile kama dharau. Samaki wake nikawanunua vilevile, na mteja akawafurahia. Lakini ndani nilikuwa nachemka. Mwezi uliofuata akaleta tena, wazuri vilevile, na safari hii sikumwuliza kitu. Nilikuwa nimeshaamua. Kilichobaki ni kutafuta ushahidi.

Nikaanza kutembea ufukoni asubuhi kama mtu wa kunyoosha miguu. Siku ya tatu nikawakuta watu wanakokota chandarua kwenye maji ya magotini, na kilichotoka mle kilikuwa kama chenga za mchele, watoto watupu. Pembeni palikuwa na beseni la bluu. Mama Nsimire alikuwa na beseni la bluu! Nikatoa simu, nikalipiga picha.

Ndugu yangu, mabeseni ya bluu Kalundu hayana idadi. Mke wangu analo. Mimi mwenyewe naogea kwenye beseni la bluu. Lakini siku ile niliona moja tu duniani.

Sikumwendea kwake. Sikumwuliza. Nilisubiri Jumamosi, siku ambayo komite ya ufuko inakutana na wavuvi na akina mama wote pale penye vichanja. Nikasimama katikati, nikamtaja kwa jina lake lote na jina la baba yake. Nikasema huyu mama anaua ziwa. Nikasema ananunua kwenye vyandarua, kisha ananiuzia kwa etikete yangu. Nikaizungusha ile picha.

Alikuwa ameshika samaki mikononi. Akawaweka chini taratibu.

«Papa, kuya ku nyumba yangu uangalie. Sasa hivi. Na prezida wa komite akuye, bote bakuye. Kama munapata chandarua, munichome nayo.»

«Nimeona ya kutosha,» nikasema.

Hayo ndiyo maneno yaliyonila. Nimeona ya kutosha! Kwake palikuwa mwendo wa kuvuta sigara moja, na mimi sikwenda. Nadhani niliogopa nisikute kitu.

Komite haikutaka matatizo na mnunuzi. Wakamnyang'anya vichanja vyake papo hapo, wakampa mwingine. Wenzake aliokausha nao miaka yote wakainamisha macho. Mmoja alivuta mtoto wake pembeni Mama Nsimire alipopita, kana kwamba ana ugonjwa. Na bila kichanja, mjane wa ufukoni hana kazi. Hakuna mvuvi aliyemuuzia tena hata kopo moja.

Mimi nilirudi nyumbani nimeridhika. Nilikula vizuri mchana ule. Naandika hivyo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwezi ukajaa tena. Alhamisi inakuja na depo haina kitu. Nikampigia Papa Dezire simu: nitafutie. Akasema mitumbwi iko nje. Nikamwambia nitafutie tu, mteja hataki hadithi, na usipoleta wewe nitampata mwingine. Jumatano akaleta magunia matano, na karatasi yake juu. Niliisoma karatasi. Magunia nilifungua moja, nikaangalia juu, nikasema pakieni.

Mimi! Niliyetia mkono hadi kwenye kiwiko katika gunia la mjane!

Mteja alinipigia kutoka Bukavu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniambia juu kuna ndagala, chini kuna watoto na mchanga, mifuko mingi hivyo hivyo, na mama mmoja mnunuzi alikuwa ameimwaga juu ya meza dukani mbele ya wenzake na kuuliza hii etikete ya kijani maana yake nini. Mzigo ukarudishwa wote. Kontra ikaishia hapo.

Nikamtafuta Papa Dezire, nikamkuta bandarini anakula mahindi ya kuchoma. Nikamwita mwongo. Akaendelea kutafuna.

«Mukubwa, uliniomba samaki mu mwezi. Ulizani natoa wapi? Mu mbingu?»

«Na karatasi zako?»

«Karatasi njo kitu ulikuwa unapenda. Nilikupatia.»

Nilibaki nimesimama pale, wapagazi wananipita na magunia, wananipigia kelele nitoke njiani.

Ndipo nikaenda kwa Mama Nsimire. Nilikuta vitu vyake vimefungwa kwenye kitenge: sufuria, jembe, nguo. Nikamwomba anionyeshe. Sikustahili, lakini alinionyesha. Aliniingiza jikoni na kuelekeza kidole juu. Chini ya paa palikuwa na dari ya mianzi, nyeusi kwa moshi, tupu.

«Wakati wa giza, kila siku nilikuwa naweka kidogo pale,» akasema. «Moshi inaichunga. Nilijua weye uko na Alhamisi yako. Nilisema mwezi isikukute na aibu.»

«Juu ya nini hukuniambia?»

«Papa, minye natoka Mutarule. Tulikimbia vita mara ngapi? Muntu mwenye amekimbia hasemi kwenye anaweka chakula. Hata kwa dada yake hasemi. Nilikuambia mu nyumba. Nilizani utakuya kuona.»

Nilipiga magoti, nikalia. Nikamwambia nimekosa, anisamehe, nitamlipa hasara yake yote, arudi tuanze upya. Kisha akaniuliza habari ya yale matusi.

«Kunituka, ulinitukia fasi gani?»

«Ufukoni.»

«Na musamaha, unaomba fasi gani?»

Tulikuwa jikoni. Mlango nilikuwa nimeufunga mwenyewe nilipoingia.

Akasema anakwenda kwa kaka yake Mutarule, kulima mpunga. Lakini Jumamosi bado yuko. Kama nina neno, nilipeleke kwenye fasi yake, mahali pale nilipomtukania.

Jumamosi nilikwenda, naapa nilikwenda! Komite ilikuwepo, wavuvi walikuwepo, akina mama wote kwenye vichanja. Yeye alisimama mbali kidogo, kitenge chake mgongoni, anangoja. Prezida akaniuliza kama nina la kusema. Nikaona macho yale yote. Nikafikiria wavuvi watakavyonicheka, na nani ataniuzia tena. Nikasema nimekuja kuuliza tu kama giza limeanza, kama mitumbwi inaingia majini.

Mama Nsimire alinisikia. Akageuka, akasimamisha pikipiki, akaenda.

Sasa nakuambia wewe mwenye depo, mwenye hoteli, mwenye duka, unayetaka siku hizi kuuza vitu safi vya haki. Kabla hujamchunguza anayekuletea, chunguza unachomwomba. Ukitaka samaki kila wiki, basi ujue mwenyewe umeagiza chandarua, hata kama mlangoni umekikataza kwa wino mwekundu! Mweleze mteja wako kwamba ziwa lina wiki yake ya kupumzika, au nunua zaidi wakati wa giza na uwalipe akina mama wakuhifadhie. Mama Nsimire aliifanya kazi hiyo bure, kwa ajili yangu, na mimi nikaiita wizi.

Na ukimshuku mtu, nenda kwake. Nenda kabla ya kusema. Muhuri unapatikana popote, hata sokoni. Dari ya jikoni kwa mtu hutaiona bila kuingia.

Mke wangu amesoma barua hii kabla sijaituma gazetini. Aliirudisha mezani, akaniuliza mbona chini hakuna sahihi. Nikamwambia magazetini ndivyo ungamo linavyoandikwa, mtu hajitaji. Akatoka nje.

Anajua ninachokijua. Mama Nsimire nilimtaja kwa jina lake lote na la baba yake, jua linawaka, watu wote wanasikia. Langu bado nalificha.