Theluji Haikukaa juu ya Paa la Zuurakan

Vuli iliyopita, katika soko la malisho la wilaya yetu, Zuurakan aliuziwa moto kwa bei ya nyasi za daraja la kwanza. Sisemi kwa mafumbo. Marobota mia na arobaini ya lusini, majani makavu ya kulisha mifugo, aliyopakia kwenye lori yalifungwa kamba ya kijani, na kamba hiyo hufungwa na mtu mmoja tu: mkaguzi aliyewekwa na kamati ya soko. Kijani maana yake majani hayajapukutika, rangi haijafifia, harufu ni safi, na ndani ni pakavu. Nyekundu ni daraja la pili, nyasi zenye mashina mengi au zilizonyeshewa shambani. Siku ile mkaguzi hakuchana hata robota moja. Alilizunguka lori, akapapasa ngozi ya nje, akafunga kamba.

Robota la kijani linalouzwa som mia tatu, kwa fedha yetu, kule mabondeni Chuy, kwetu Naryn, ng'ambo ya milima, ni mia tano. Tunalipa tofauti hiyo bila kunung'unika kwa sababu tunaiamini kamba. Zuurakan ni mjane. Ana ng'ombe watatu na mama mkwe kipofu, Bibi Batma, na wote watano wanaishi kwa nyasi zile.

Kwetu nyasi hupangwa juu ya paa la zizi, na zizi hushikana na nyumba ili pumzi ya ng'ombe ipashe chumba joto. Za kamba nyekundu huachwa wazi wiki tatu zipumue. Za kijani hufunikwa siku hiyo hiyo kwa mablanketi ya sufu iliyoshindiliwa. Zuurakan alizifunika kwa sufu iliyokuwa ukuta wa hema lake la harusi, akaikaza kwa mawe pande zote.

Siku ya kumi na moja ikaanguka theluji ya kwanza. Asubuhi nilitoka na koleo la kuzoa theluji nikaona mapaa yote ya kijiji ni meupe, isipokuwa lake. Sufu ilikuwa imelowa na inafuka mvuke.

"Zuurakan! Unapika nini huko juu?" nikamtania.

Hakucheka. "Kaka Tilek, nilidhani ni macho yangu. Tangu juzi nasikia harufu ya tumbaku tamu. Nikajiambia ni kiko chako."

"Kiko niliacha mwaka jana."

Nikaleta nondo, tukaichomeka katikati ya rundo, tukangoja muda wa kumaliza kikombe cha chai. Zuurakan alipoichomoa aliiachia papo hapo. Kiganjani ulibaki mstari mwekundu.

Nyasi zilizofungwa mbichi hujipika zenyewe. Ukiziacha, zitawaka. Ukizifungua, hewa inaweza kuziwasha mikononi mwako. Nilimwona akiutazama ukuta ambao nyuma yake mama mkwe wake alikuwa amelala.

Aliwatoa ng'ombe, kisha akaingia ndani.

"Mama, inuka. Paa litaungua."

"Moshi sijausikia, na pua yangu si kipofu."

"Ukingoja uusikie, tutakuzika."

"Basi nipe koti langu zuri la ngozi. Sitatoka mbele ya majirani na viraka."

Majirani walikuja na ndoo, wakajipanga kutoka mferejini hadi zizini. Zuurakan alikataa mwingine apande kwanza. Nilimfunga kamba kiunoni, kwa maana nyasi zinazoungua ndani huacha shimo ambalo ukiwa juu hulioni. Aliondoa sufu, akaanza kuyatupa marobota chini, safu kwa safu, huku tukimwagia maji. Robota moja la safu ya sita lilipasuka lilipotua kwenye theluji. Moyo wake ulikuwa mweusi. Kisha hewa ikaugusa ukawa mwekundu. Na papo hapo, kule juu, mguu wa Zuurakan ukazama hadi pajani.

"Vuta!" akalia. "Kaka, vuta!"

Nikavuta. Kiatu kilibaki ndani, na kilipopatikana baadaye kilikuwa kimesinyaa kama ngumi ya mtoto.

Nyumba ilipona. Marobota themanini yaliharibika. Siku ya tatu alipakia moja lenye moyo mweusi kwenye sleji ya kuburuta thelujini, nikamsindikiza sokoni.

"Dada," mkaguzi alisema, "uliponunua, kamba ilikuwa ya kijani. Yaliyotokea baadaye nyumbani kwako ni juu yako."

"Ulitia mkono ndani?"

"Nikichana marobota, nani atayanunua?"

"Na kama ningeungua mimi?"

"Jamani, huyu anauza makaa!" mchuuzi mmoja akapaza sauti, na wenzake wakacheka. Zuurakan aliliacha robota lake miguuni pa mkaguzi, akageuka.

Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya chai, huweka kiganja chake chenye kovu juu ya ukuta wa chumba cha Bibi Batma. Ukuta ni baridi. Bado huugusa mara mbili.

Wajumbe wa kamati ya soko, nasema nanyi. Ng'ambo hii ya milima mnatutoza bei ya daraja la kwanza, basi lipimeni daraja hilo. Chaneni robota moja katika kila kumi, mbele ya mnunuzi, kabla kamba haijafungwa. Mrudishieni Zuurakan marobota themanini makavu kabla ya mwezi huu kwisha, kwa sababu ng'ombe wake wamebakiwa na malisho ya wiki sita, na theluji yetu hukaa hadi Aprili. Na mkaguzi wenu asifunge kamba nyingine ya kijani mpaka aje kijijini kwetu, apande juu ya paa lile lililobabuka, na aeleze mbele ya Bibi Batma kwa nini hakutia mkono ndani.