Vioo vya Lipa Kwanza

Hoteli ile ilikuwa na jina zuri tu, limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango, lakini simkumbuki mtu wa Shinyanga aliyelitumia. Sisi tuliiita Lipa Kwanza. Ilikuwa miaka ya tisini, biashara zimefunguka, na familia moja ya Kihindi iliyokuwa na duka la vitambaa mjini tangu enzi za babu yao ikaingia kwenye chakula. Walianza Mwanza, wakaja Shinyanga, kisha Kahama, na kote huko viti vilikuwa vyekundu vilevile, kuku yuleyule, na bakuli lilelile la kupimia wali. Kwetu jambo hilo lilikuwa geni. Tulikuwa tumezoea kwamba hoteli ni mtu. Unakwenda kula kwa mama fulani, na mama fulani akiugua malaria, mnashinda na njaa mpaka apone.

Lipa Kwanza hapakuwa na mama fulani. Uliingia ukapanga foleni, ukalipa, ukapewa kipande cha bati chenye namba, ukaenda kukaa mpaka namba yako iitwe. Hakuna aliyekuuliza habari za nyumbani. Kuku walikuwa ndani ya kabati la kioo lenye taa, wamelala kwa mstari kama wagonjwa wa wodini. Viti vilikuwa vya plastiki, vinne kila meza, na vilikazwa sakafuni kwa nati, sijui ni nani waliyedhani angeviiba. Na ukuta mzima wa ndani, kutoka chini mpaka darini, ulikuwa vioo.

Mji uligawanyika. Mhasibu wa ofisini kwetu alisema kuku wa pale ana ladha ya taa. Dereva wetu alipapenda kwa sababu unaweza kula ukaondoka bila kusalimiana na mtu, na kwake yeye, mtu mwenye mashemeji kila kona ya mji, hiyo ilikuwa raha kubwa kuliko chipsi. Mama mwenye nyumba wangu kule Kambarage, ambaye kwa kawaida ndiye aliyenipikia, alikuwa na kinyongo na lile bakuli. Wali ulishindiliwa ndani yake, likapinduliwa juu ya sahani, ukabaki na kichuguu kilicho sawasawa na cha jirani yako.

"Huo ndio usawa, mama," nilimwambia. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na nilikuwa na nadharia juu ya kila kitu, wali ukiwamo.

"Usawa wa ng'ombe kwenye josho," alinijibu. "Mtu unampakulia huku unamtazama usoni. Leo umekonda, nakuongeza. Kesho umeniudhi, nakupunguza. Bakuli litajua nini?"

Nilicheka, na jioni ile nikapunguziwa.

Ukweli ni kwamba nilipapenda Lipa Kwanza kwa sababu ambazo hazikuhusu chakula. Nilipenda zile taa. Nilipenda kushika trei. Nilipokaa pale na soda yangu yenye mrija nilijiona mtu wa miji mingi, na kwa kuwa ukuta ulikuwa vioo, niliweza kujiona kwa muda mrefu nilivyotaka.

Ndiyo maana wazazi wa mchumba wangu walipotuma habari kwamba wanakuja Ibadakuli, pembeni ya mji, kumtembelea mama mdogo wa mchumba wangu, sikufikiri mara mbili nitawalisha wapi.

Hapa lazima nieleze mambo yalikuwa yamefikia wapi. Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini, lakini kwao ni Nyarugusu, upande wa Geita. Baba yake aliingia duarani, yaani shimo la dhahabu, akiwa kijana, akachimba mpaka mgongo ukakataa, na siku hizo alikuwa ananunua dhahabu kwa wachimbaji, mzani wake mdogo ukiwa mfukoni mwa shati. Yeye alikuwa amekwisha kukubali posa yangu. Mama alikuwa hajasema neno, na kwao neno la mama lisipotoka, mazungumzo ya mahari hayaanzi. Masika yalikuja yakapita, pamba ikavunwa, na mama yule hakuwa amesema ndiyo wala hapana.

"Mimi nimeshakukubali," mzee aliniambia nilipojaribu kuulizia. "Lakini mimi si mama yake."

Kwa hiyo mlo ule ndio ulikuwa nafasi yangu. Mchumba wangu nilipomweleza mpango, alinitazama kama anavyotazama daftari la mwanafunzi aliyejibu maswali ya somo jingine.

"Baba mlete hotelini. Mama mpelekee chakula kwa mama mdogo."

"Kwa nini atengwe?"

"Wewe ni Msukuma wa wapi? Mkwe anakula mbele ya mama mkwe?"

"Mimi sijawa mkwe."

"Na kwa mwendo huo hutakuwa."

Mimi ni Msukuma wa bweni. Nilianza kulala shuleni nikiwa mdogo, na mila za kwetu nilizijua kama nilivyojua mito ya nchi za mbali, yaani ningeweza kuitaja lakini nisingeweza kuivuka. Nilijua kwamba mtu na mama mkwe wake hawaonani wakitafuna. Nilichokuwa sijui ni uzito wake. Nikamhakikishia mchumba wangu kwamba ukumbi ni mkubwa, mama atakaa mwisho huu na mimi mwisho ule, tumepeana migongo. Jibu likarudi kutoka kwa mama kupitia kwa binti yake. Kweli pana nafasi? Nikajibu pana nafasi kubwa sana, na nilisema kwa moyo safi. Nilijua kuna vioo, lakini kichwani mwangu nilikuwa nimezijumlisha meza zote, za kweli na za kiooni.

Walikuja Jumamosi mchana, siku ya gulio, mji umejaa. Nikamwamkia mzee mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, bhabha." Kisha akaingia ndani, akasimama, akajitazama kwenye ukuta kuanzia viatu hadi kofia. "Kijana, hapa ni hoteli au kwa kinyozi? Umetuleta tule au tunyolewe?"

Mama nilimwamkia kwa mbali, nimeinama, macho chini, kama nilivyofundishwa asubuhi ile ile. Akaitikia kutoka ndani ya khanga yake. Sauti ilikuwa ya upole, na nikaona mambo yanakwenda vizuri.

Meza zilizokuwa wazi zilikuwa mbili tu. Mama na binti yake wakachukua ile ya karibu na ukuta. Mzee na mimi tukachukua ile ya katikati, na nilitaka nikae nimeuelekea mlango ili nimpe mama mgongo. Lakini mzee alikuwa amewahi kiti hicho. Mnunuzi wa dhahabu hakai ameupa mlango mgongo, na hilo sikuweza kubishana nalo. Nikakaa upande wa pili. Mbele yangu, mbele kidogo, ulikuwa mgongo wa mama mkwe, mpana, umetulia. Nikajiambia mgongo ni mgongo.

"Kumi na saba!" mtu wa kabati akaita.

"Gerezani nako huitwa hivyo hivyo," mzee akasema, lakini namba yetu ilipoitwa aliinuka haraka kuliko mimi.

Akakiangalia kichuguu chake cha wali, akakiangalia cha meza ya jirani, akatikisa kichwa. "Duarani tulikuwa tunakula hivi? Mtu akikupakulia bila kukuuliza umetokea wapi, hicho si chakula, ni mafuta ya gari." Mimi nikaanza kumweleza juu ya usawa. Nilikuwa nimeshika paja la kuku kwa mikono miwili, nimelizamisha mdomoni vizuri, nikainua macho.

Mama mkwe alikuwa ananitazama.

Mgongo wake ulikuwa palepale, umetulia. Uso wake ndio uliokuwa kiooni, na macho yake yalikuwa yametua moja kwa moja juu ya mdomo wangu, na mdomo wangu, ambao niliuona pia, ulikuwa unang'aa mafuta mpaka mashavuni.

Akaweka chini kiazi alichokuwa amekishika. Akavuta khanga usoni. Akasimama.

Nilijaribu kugeuza kiti. Kiti hakikugeuka. Nikakivuta tena kama mtu anayeng'oa kisiki, meza yote ikatikisika, soda ya mzee ikamwagikia wali. Ukumbi mzima ulikuwa unatutazama, pamoja na ule mwingine wa kiooni. Mchumba wangu hakunitazama kabisa, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Mama akishatoka mlango ule, nilijua, angerudi Nyarugusu na lile neno lake, na nisingelisikia tena.

Mwenye hoteli alikuwa kwenye kiti chake cha kupokelea malipo. Alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa mjini hapo hapo, mwenye mtandio kichwani, na Kisukuma chake kilikuwa safi kuliko changu. Akanyoosha shingo.

"Wewe ndiye mkwe?"

"Ndiyo. Bado. Karibu."

"Sasa mbona bado umekaa?"

Alisema kwa sauti ya kutosha watu wa foleni nao. Nikainuka na sahani yangu, nikapita jikoni nimeinamisha kichwa, nikatokea uani. Kulikuwa na pipa la maji, magunia ya mkaa, na akina mama watatu wanaomenya viazi. Nikasimama nimeuelekea ukuta, nikila kwa sababu sikujua mikono niifanyie nini.

"Umefanya nini, baba?" mmoja akaniuliza. "Umeshindwa kulipa?"

"Nimelipa."

"Hapa wanalipa kwanza. Sasa unaadhibiwa nini?"

"Mama mkwe yuko ndani."

"Aaaa." Akasogeza kreti ya soda kwa mguu. "Kaa huku basi. Hapo uliposimama unaonekana dirishani."

Nikakaa. Walinipa pole, kisha wakaanza kujadiliana kama nitapata mke au sitapata. Wawili walisema sitapata. Yule wa kreti alisema inategemea mama amekula au hajala, kwa sababu mwanamke aliyetoka Nyarugusu na njaa hasamehi kitu.

Mzee alipotokea mlango wa jikoni, ameshika kitu kilichofungwa kwenye karatasi, nilisimama kama mtuhumiwa.

"Mama yako amekaa," akasema. "Anakula. Anasema viazi si vibaya, ila kuku wamemkausha. Anasema pia uliliacha paja lako limeanguka chini ya meza, kwa hiyo ule hili lake, usije ukakonda."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikaanza kuomba radhi kwa ajili ya vioo, viti, soda, nikaeleza kwamba ukumbi, ukiutazama kutoka mlangoni, kwa kweli huonekana mkubwa.

"Baba we," yule wa kreti akanikatiza, kisu kimeganda kwenye kiazi. "Mzee amekwambia 'mama yako'. Umepewa mke, wewe unaeleza ukumbi?"

Nikamtazama mzee. Alikuwa ameshachukua kreti nyingine, anachagua chipsi moja moja kutoka kwenye karai, na anawauliza wale akina mama kwao ni wapi. Mmoja alikuwa wa Bukombe, na mzee alimjua mjomba wake. "Hoteli ni huku," akanitangazia. "Kule ndani ni kwa kinyozi." Akala mpaka wakamzuia.

Mazungumzo ya mahari yalianza mwezi uliofuata. Mama mwenye nyumba wangu alipopata habari alinipakulia wali ambao haungeingia katika bakuli lolote la Lipa Kwanza.

Baadaye familia ile ilifungua tawi jingine Geita, wakati kampuni kubwa zilipoanza kuja kutafuta dhahabu na mji ukajaa wageni wenye haraka. Mzee alikataa kuingia mpaka mwisho wa uhai wake. Mama ndiye aliyekuwa mteja. Kila tulipokwenda kuwasalimia, alitaka apelekwe pale akale viazi, na mimi nilijua njia. Wao wanaingia mbele, mimi nazunguka nyuma. Uani pa tawi la Geita pana mfenesi na benchi, na akina mama wa viazi wa pale walinizoea hata wakawa wananipakulia wao wenyewe, kwa kunitazama usoni.

Tawi lile halikuwa na vioo. Kuta zilikuwa kuta, zimepakwa rangi ya krimu. Mara ya kwanza mama alipoingia, mke wangu alinisimulia, alisimama mlangoni akazungusha macho ukumbi mzima taratibu, kona kwa kona, kisha akakaa na kuagiza. Baada ya muda mke wangu akaja uani, khanga imemziba mdomo, mabega yanatikisika.

"Mama amenituma," akasema. "Nimuulize mkwe, mbona hii ndogo? Nusu nyingine wameificha wapi?"