Mapigo Kumi na Manane

Umewahi kujiuliza picha iliyotundikwa ukutani kwako ilisafishwa kwa mapafu ya nani?

Ya kwetu naijua. Baba mkubwa, kaka yake baba yangu, alisafisha picha miaka thelathini na moja katika chumba kisicho na dirisha, nyuma ya studio ya mtu mwingine. Dawa zilimla kucha, zikashuka kifuani. Kila alipoomba feni, tajiri wake alimjibu, "Feni itaingiza mwanga." Yeye mwenyewe alikaa mbele, mlango wazi, akila upepo wa barabarani.

Baba mkubwa hakutumia saa mle ndani. Alishika mshipa wa mkono wake wa kushoto, akawasha taa ya mashine ya kukuzia picha, akahesabu mapigo kumi na manane, akazima. Karatasi ikaingia kwenye beseni la dawa na picha ikatoka vilevile, ya leo na ya mwaka juzi. Mama mkubwa alimtania kwamba hata yai analichemsha akiwa ameshika mkono.

"Cheka tu. Lini nimekupa yai bichi?"

Mwezi mmoja hospitali iliagiza picha arobaini za muuguzi aliyefariki, moja kwa kila wodi na ofisi, zote zifanane. Mchana nilimpelekea chakula, nikamkuta tajiri mlangoni na picha mbili mkononi.

"Huyu ni muuguzi," alisema akiinua ya kwanza. Akainua ya pili, imepauka. "Na huyu ni mzimu wake. Kesho asubuhi nisipokuta arobaini zilizo sawa, mzee, usirudi tena."

Baba mkubwa alilaumu karatasi, kisha dawa. Alibadilisha zote mbili; picha zikazidi kupauka. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto. Nikatazama saa yangu na kuhesabu: mapigo kumi na manane yalipita kwa sekunde tisa. Ya mtu mzima aliyetulia huchukua kama kumi na tano. Homa ilikuwa inaukimbiza moyo, na taa inazimwa kabla karatasi haijashiba mwanga.

"Baba mkubwa, karatasi haina kosa. Unaumwa wewe. Twende hospitali."

Alikohoa hadi akashika meza. Kisha macho yakamng'aa chini ya taa nyekundu. "Kumbe! Basi nihesabu thelathini."

"Sikusema hivyo!"

"Umesema vizuri sana, mwanangu. Ada ya chuo haikupotea."

Akahesabu thelathini. Muuguzi akatoka mzima, weusi mahali pake, weupe mahali pake. Nilimpa saa yangu. Akaitia mfukoni bila kuitazama. Kila baada ya picha tano alininyooshea mkono, akanirudishia saa nimpime. Mapigo thelathini na moja kwa sekunde kumi na tano. Thelathini na matatu. Na mimi, niliyezoea kuwahutubia wenzangu chuoni kuhusu haki za wafanyakazi, nilipima.

Jua lilipozama zilibaki kumi na mbili.

"Nenda kamwambie mama yako mkubwa hospitali ni kesho," alisema. "Haina miguu, haitoroki."

Nilikwenda. Asubuhi niliporudi, wanaume wawili walikuwa wanamtoa chumbani juu ya benchi la wateja, wamemfunika pazia la studio mpaka usoni. Mlangoni tajiri alikuwa amesimama, picha moja kila mkono, akizilinganisha juani.

"Bosi," mmoja wa wabebaji alimwambia, "tupishe."

Hakusikia. Ikabidi wamwambie mara ya pili.