Midomo ya Hana

Kwa makayabo, wale samaki wa chumvi wanaonuka kabla hujawaona, hakuna katika soko la Bunia aliyemshinda Mama Musoki. Lakini sifa iliyomvimbisha kichwa haikuwa ya samaki. Ilikuwa ya Alhamisi alasiri, akina mama tisa walipokusanyika katika ukumbi wa kanisa lao, kila mmoja na Biblia na daftari lake, naye akiwa mbele yao. Walimwita Mama Mwalimu, na wala hakuwahi kuwakataza.

Njia yake ya kusoma aliitoa Butembo, kwao, katika semina ya siku tatu. Mnachukua mstari mmoja tu, mnausoma neno kwa neno. Ukurasa wa daftari unagawanywa katikati kwa kalamu ya bic. Kushoto unaandika unachokiona: nani yupo, yuko wapi, amefanya nini. Kulia unaandika unachofikiri. Na ole wake aandikaye kushoto kilicho cha kulia! Siku moja Mama Priscille, fundi cherehani, aliandika kwamba mwana mpotevu alirudi kwa baba yake akilia. Musoki akamtaka aonyeshe neno hilo lilipo. Maskini Priscille alipekua hadi jasho likamtoka, asilione. "Machozi ni ya kwako," Musoki akamwambia, na ukumbi mzima ukacheka. Alipenda sana kuwakamata hivyo, na tuseme ukweli, alipenda kupita kiasi.

Basi Alhamisi moja ya mwezi wa kumi zamu ilikuwa ya Hana, yule mwanamke tasa aliyekwenda kumlilia Mungu apate mtoto. Aliomba moyoni, midomo ikicheza, sauti isisikike. Kuhani Eli alikuwa ameketi pale akimtazama kinywa, akadhani amelewa.

"Kushoto, midomo inacheza," Musoki akawafundisha. "Kulia, amelewa. Mzee huyu aliona midomo, pombe akaiongeza mwenyewe."

Maneno hayo yalipomtoka, mkono wake ulisimama juu ya daftari. Alikuwa amemkumbuka Hortense.

Mwezi wa pili wa mwaka huo kanisa liligawa maharagwe kwa watu waliokimbia vita kutoka Djugu. Musoki alisimamia mizani. Hortense, ambaye naye alitoka huko huko Djugu na alikuwa mmoja wa akina mama wa Alhamisi, tena mwenye jicho kali kuliko wote, alisaidia kupima kwa kikombe. Kazi ilipokaribia kwisha, Musoki alimwona akijaza vikombe viwili, akimimina katika pindo la kitenge chake, akifunga fundo na kutokea mlango wa nyuma. Jioni ile ile akaiambia kamati ya mgao kwamba Hortense ni mwizi. Jina la Hortense likafutwa kwenye orodha ya wanaopewa, yeye na watoto wake wanne, na Alhamisi iliyofuata hakuonekana tena.

Kikombe Musoki alikiona. Kitenge alikiona, na mlango pia. Wizi hakuuona popote.

Alikuwa bado anajikaza uso usimsaliti, Priscille akainua mkono. Safari hii alikuwa amesoma mbele kidogo.

"Mama Mwalimu, huyu Eli hakuenda kusema kwa watu wengine. Alisema kwa Hana mwenyewe, iko imeandikwa. Njo maana Hana alipata kujibu."

Wenzake wakamsifu. Musoki naye akasema vizuri, kisha akafunga somo mapema akisingizia mzigo uliomngoja sokoni. Mzigo haukuwepo. Alitembea hadi nyumbani akiona aibu ya kutazamana na watu. Eli alikosea, lakini alikosea mbele ya mwanamke mwenyewe. Yeye alikosea mgongoni mwa mtu, akaita jambo hilo uaminifu, kisha kwa miezi minane akaendelea kuwachekesha watu kwa makosa ya Priscille.

Orodha ya mgao mpya ilikuwa ifungwe Jumamosi. Ijumaa Musoki alimfuata Hortense kwenye chumba alichopanga, akamkuta mlangoni anamenya mihogo. Alimweleza yote bila kuzunguka, akaomba msamaha, halafu akamwuliza yale maharagwe yalikuwa ya nini.

Hortense hakuacha kumenya. "Ile siku haukuniuliza, mama. Leo unaniuliza kwa sababu roho yako inakuuma. Nenda kwanza kule kwenye ulinisemea."

Musoki alirudi mikono mitupu. Jumamosi alisimama mbele ya kamati akiwa hajui hata sasa kama mwanamke yule aliiba au hakuiba. Papa Fulgence, mwenyekiti, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote angeliuliza: kwa hiyo Hortense hakuiba? Ingekuwa rahisi kusema hapana, yaishe, na kila mtu angemwona mwema. Lakini hilo nalo lingekuwa la kuongeza.

"Sijui," Musoki akasema. "Niliona kikombe na kitenge. Wizi ni miye niliuongeza, na sikumuuliza."

Kamati ikanong'onezana. Mwisho ikaamua kwamba jina la Hortense lirudi na Musoki asikae tena kwenye mizani. Ya ualimu wake wa Alhamisi wangeyazungumza baadaye. Aliyapokea yote bila kujitetea, akaondoka moja kwa moja kupeleka habari, na njiani akajisikia mwepesi kidogo kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Hortense alimpa kigoda akae. Alipokwisha kusikia, akasema bila kuulizwa.

"Zile vikombe mbili zilikuwa za mama Bernadette, ule muzee wa Djugu alikuwa analala hapa nyuma. Miguu ilikuwa imevimba, hakuweza kusimama ku foleni. Jina yake ilikuwa ku liste yenu, angalieni. Kila mugao nilikuwa namubebea. Kisha mukanifukuza."

Musoki akauliza mama huyo yuko wapi sasa, ingawa alikwisha kuogopa jibu.

"Alikufa mwezi wa tano."

Musoki alifunika uso kwa mikono. Akaanza kusema kwamba basi ni yeye aliyemuua, lakini Hortense akamkatiza, bila ukali wowote, kama alivyokuwa akisahihisha wenzake zamani ukumbini.

"Sisemi kama njaa njo ilimuua, mama. Ile sikuiona. Niliona tu sufuria yake, siku tulimukuta. Ilikuwa kavu."