Mama Masaa Matatu

Mteja akiingia kwenye ofisi ya tiketi ya mama huyu, chumba cha meza moja, kompyuta moja na feni inayolalamika, huulizwa kwanza anabadilisha ndege wapi. Akitaka ile tiketi rahisi yenye dakika hamsini kati ya ndege na ndege, hauziwi. Chini ya masaa matatu, mwenye ofisi haandiki tiketi ya mtu. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Masaa Matatu, na wenzake wa biashara humcheka kwamba anafagia riziki yake nje.

Seremala wa nyuma ya duka la dawa alicheka pia. Mkewe alikuwa amelazwa nchi ya mbali akisubiri upasuaji wa moyo, naye alitaka amshike mkono kabla hajaingizwa. Akaenda kwa wakala wa jirani, akauziwa tiketi mbili za bei ya chini, kila moja na kampuni yake ya ndege, dakika hamsini katikati.

Siku ya safari, mchana, akampigia simu Mama Masaa Matatu.

"Dada, ndege ya kwanza imechelewa, ya pili imeniacha. Wanasema ninunue upya. Wakala hapokei simu, na mke wangu anapasuliwa kesho asubuhi."

Mama angeweza kumwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Aliimeza, maana methali haipandishi mtu ndege.

"Imekuacha muda gani uliopita?"

"Kama saa moja hivi."

"Na uko wapi?"

"Nimekaa kwenye viti, namsubiri wakala."

"Inuka, kaka. Ukifika kaunta ya kampuni ya pili kabla masaa mawili hayajapita tangu ikuache, wanaweza kukuhamishia ndege inayofuata. Lakini wakuone kwa macho. Anza na kampuni ya kwanza, wakupe barua kwamba wao ndio waliochelewa."

Kampuni ya kwanza ikasema barua ni kesho. Mama akaomba awekwe spika, akambembeleza yule karani kwa adabu isiyochoka mpaka mashine ikasikika ikichapa. Kampuni ya pili ikasema ndege imejaa.

"Wakuandike kwenye orodha ya wanaosubiri nafasi. Usibanduke hapo. Simama kama mlango uliougongomea mwenyewe."

Chai yake ilipoa. Wateja wawili waliondoka wakinung'unika, hakuwageukia. Miaka tisa nyuma, yeye mwenyewe alipanda ile ya dakika hamsini kwenda kumuuguza mama yake, akaachwa, akafika na kukuta udongo wa kaburi bado mbichi. Hilo hakumwambia seremala. Alikaa naye kwenye simu mpaka akaitwa jina.

Kesho yake asubuhi simu ikalia tena.

"Dada, nimemkuta. Ndiyo kwanza wanamsukuma kuingia. Amenicheka shati nimevaa kinyume."

Mama akaweka simu mezani, akalia waziwazi, mbele ya mteja aliyekuja kutafuta ile ya dakika hamsini.

"Masaa matatu," akamwambia, akijifuta kwa kiganja.

Mteja akavuta kiti.