Homa Yenye Majina Mawili

Niliondoka Nyakisasa kwa sababu binti yangu Jovitha alikuwa ameshikwa na homa mara ya pili tangu mvua zianze, na dawa za malaria hazikusaidia. Kijijini jibu lilikuwa moja: homa ya wakimbizi. Nami nilisema hivyo hivyo. Wakimbizi walikuwa wamevuka mpaka makundi kwa makundi, wakamaliza kuni zetu. Nilitaka mtu wa kumlaumu na wao walikuwa karibu.

Asubuhi nilimfunga mgongoni nikashuka barabarani kutafuta usafiri wa hospitali ya kambini. Dereva wa lori la unga wa kambini akatupakia.

"Wenyeji bwana. Mnawasema wakimbizi, mkiumwa mnawafuata."

Nikamwambia aangalie barabara.

Njiani nilimkumbuka shangazi yangu wa Nemba, kule Biharamulo. Alikufa kwa homa kama hii, isiyosikia dawa, wakati wa mvua, nikiwa bado shuleni. Wakati huo hapakuwa na kambi. Wazo hilo sikulipenda.

Kambini, hospitali ilikuwa mahema marefu. Muuguzi, mama wa Kirundi, naye mkimbizi, alimtoa Jovitha damu, baadaye akarudi na jibu: taifodi.

"Kumbe ndiyo hiyo homa yenu," nilisema.

"Sisi hapa tunaiita homa ya wenyeji, dada." Hakukasirika. "Mwanzoni ilitumaliza sisi. Tangu tuwekewe maji ya bomba yenye dawa, wanaolala humu ni watu wa vijijini kwenu. Mvua zikianza tu, tunatandika vitanda."

Kwenye kitanda cha jirani mama mmoja alikuwa akimbembeleza mwanawe kwa Kihangaza, lugha yetu.

"Mimi maji nachemsha," nilisema.

"Na mtobe?"

Mtobe ni juisi ya ndizi mbivu. Mama mkwe wangu huikamua na kuizimua kwa maji mabichi ya chemchemi, na mvua husomba uchafu wa vyoo vyetu vilivyo juu mlimani hadi pale. Jovitha hunywa kibuyu kizima kwa bibi yake. Mimi hukaa pembeni nikitabasamu, kwa kuwa cha mkwe hakikataliwi.

Homa iliposhuka tulipewa vidonge vya kumalizia, tukarudi. Mama mkwe alitupokea uani na kibuyu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mpe mjukuu wangu anywe, wakimbizi wamemkausha."

Jovitha akanyoosha mikono. Nilikipokea kibuyu nikakimwaga kwenye shina la mgomba, majirani wakitazama.

"Shule imekuharibu," alisema mama mkwe.

"Imeniharibu, mama. Maji ya mtobe yachemshwe, la sivyo mtoto hanywi hapa."

"Nani aliona mtobe wa kuchemsha?"

Mpaka leo hanisemeshi. Lakini ana sufuria ya maji ya mtobe, imekuwa nyeusi kwa moshi. Mvua zilizofuata Jovitha hakuugua. Watoto wa majirani waliugua, na wazazi wao wakasema ni homa ya wakimbizi. Vyoo ni vyetu. Chemchemi ni yetu.