Mashine Imekataa Vidole vya Mama

Mashine ya kuchukua alama za vidole za viza leo imekataa vidole vya mama yangu.

Hii safari nimeipanga mwenyewe miezi mitatu, bila ajenti. Mama anataka kumwona mjukuu wake Ujerumani.

Tumetoka kijijini kwetu Mbumbuni alfajiri hadi kituo cha viza Nairobi.

"Bonyeza tena, mama," msichana wa kaunta akasema.

Mara ya sita, bado hakuna alama.

"Kwani unafanya kazi gani?"

"Nalima. Tangu nikiwa mdogo."

Msichana akatazama vidole vilivyolika kwa jembe. Akatoa mafuta kwa mkoba wake, akampaka kidole kimoja kimoja.

Vinne kati ya kumi vikakubali.

Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta. (Ndiyo, nililia.)

Kama vinne vitatosha, tutajua baada ya wiki mbili.

Kuna mwenye mzazi wake alipitia hii? Iliisha aje? Mama ananiuliza kila saa kama vitatosha.